Mwanga wa Kuonea na Mwanga wa Kuamshia Dawa: Maelezo Kuhusu Tiba Mpya za Uvimbe wa Ubongo

Utangulizi



Mwishoni mwa muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinifuata baada ya kipindi cha ufupisho, akaniomba nimsaidie kuelewa barua fupi aliyokuwa nayo mkononi. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili na binamu yake aliyeko Kampala, nayo ilihusu mjomba wao aliyelazwa huko. Madaktari walikuwa wamegundua uvimbe katika ubongo wake. Ndugu mwingine anayeishi Ulaya alikuwa amepiga simu, akasema kwamba huko kuna "dawa ya mwanga" inayoua uvimbe wa namna hiyo na kuuacha ubongo salama. Jumamosi iliyofuata ukoo ungekutana hapa Nesitu kuamua kama wauze ng'ombe ili mgonjwa asafirishwe.

"Mwalimu," akaniuliza, "wewe ndiye mwenye Kiswahili. Dawa ya mwanga ni dawa gani? Ni ile mionzi tunayoisikia, au ni kitu kingine? Na shangazi yangu, aliyeishi Mombasa miaka mingi, anauliza huyo mwanga ni nani, na kama ndiye aliyemroga mjomba."

Sikuwa na jibu. Niliweza kumweleza kwamba neno mwanga lina maana mbili na kwamba liko katika ngeli mbili tofauti, lakini elimu hiyo isingewasaidia wazee waliokuwa wakijiandaa kuhesabu ng'ombe. Nikamwomba siku tatu. Nilisoma, nikamuuliza rafiki yangu daktari, nikasoma tena. Makala haya ni matokeo ya kazi hiyo. Nitaeleza kwanza dawa hizi ni nini na hufanyaje kazi, kisha zinaweza nini na haziwezi nini, na mwisho nitarudi kwenye jambo linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili, yaani maneno. Nitajaribu kuonyesha kwamba neno moja, mwanga, linabeba mambo matatu tofauti katika tiba hii, na kwamba asiyeyatenganisha anaweza kumwongoza mgonjwa vibaya.

Uvimbe wa ubongo ni nini?

Kwa kawaida neno uvimbe hutumika kwa kitu chochote kilichovimba, iwe ni mguu ulioteguka au jipu. Katika ubongo pia si kila uvimbe ni saratani. Katika nchi zetu kifua kikuu kinaweza kuweka donge ndani ya ubongo, na vivyo hivyo mabuu ya minyoo tegu itokanayo na nguruwe. Magonjwa hayo yana dawa zake. Aidha, kuna uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, uitwao meninjioma, ambao mara nyingi hukua polepole na daktari mpasuaji anaweza kuuondoa.

Uvimbe ambao watafiti wa dawa za mwanga wameushughulikia zaidi ni wa jamii ya glioma, hasa glioblastoma. Huo huanzia katika seli za glia, ambazo kazi yake ni kuzitegemeza na kuzitunza seli za neva. Ubaya wake ni kwamba hauna mpaka ulio wazi. Unatuma seli zake katikati ya ubongo mzima kama majani ya sangari yatambaavyo shambani. Mkulima akiling'oa shina, vipande vya mizizi hubaki na kuchipua upya. Daktari mpasuaji naye hawezi kukata kwa upana ili awe na hakika, kwa sababu kando ya uvimbe ndipo panapokaa uwezo wa kusema, kuona au kutembea.

Tiba ya kawaida ya glioblastoma ina hatua tatu: upasuaji, tiba ya mionzi, na dawa za kuua seli za saratani, ambazo tunaziita tibakemikali. Mwaka 2005 utafiti mkubwa uliofanywa Ulaya na Kanada ulionyesha kwamba dawa iitwayo temozolomidi, ikiongezwa kwenye mionzi, ilisogeza wastani wa maisha ya wagonjwa kutoka miezi 12.1 hadi miezi 14.6. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ndiyo iliyogeuka kuwa msingi wa tiba duniani. Msomaji ataelewa basi kwa nini habari ya dawa mpya huenea upesi katika familia zenye mgonjwa wa namna hii.

Dawa hizi hufanyaje kazi?

Hebu tuanze na jambo ambalo wazazi wengi wanalijua. Mtoto mchanga akizaliwa akageuka manjano, hospitalini huwekwa chini ya taa ya buluu. Mwanga wa taa hiyo hubadilisha kemikali ya manjano iliyo katika ngozi yake ili mwili uweze kuitoa. Tiba hiyo ilianza Uingereza katika miaka ya 1950. Hapo mwanga unafanya kazi peke yake, na mtoto hapewi dawa yoyote ya kuusaidia.

Katika tiba tunayoizungumzia, mambo hayako hivyo. Panahitajika vitu vitatu pamoja: dawa, mwanga na oksijeni. Mgonjwa hupewa dawa ambayo, ikiwa gizani, haina madhara makubwa. Dawa hiyo hukusanyika zaidi katika seli za uvimbe kuliko katika seli nzima zilizo jirani. Kisha daktari humulika sehemu hiyo kwa mwanga wa rangi maalumu. Dawa hunyonya mwanga, hupata nguvu, na nguvu hiyo huihamishia kwenye oksijeni iliyomo ndani ya seli. Oksijeni ikishapata nguvu hiyo hugeuka kuwa kali mno, huunguza kila inachokigusa, na seli hufa. Lakini ukali wake haudumu hata kufumba na kufumbua, na haufiki mbali. Hutuama palepale dawa na mwanga vilipokutana.

Tuchukue mfano wa kibiriti. Njiti peke yake haiwaki, na ubavu wa kiberiti peke yake hauwaki. Hata vikikutana, pasipo hewa moto hauwezi kushika. Hivyo ndivyo ilivyo tiba hii. Dawa bila mwanga hulala, mwanga bila dawa humulika tu, na vyote viwili bila oksijeni haviui kitu. Ndiyo maana nasema dawa hii inaamshwa.

Historia fupi

Wazo la kuunganisha dawa na mwanga si geni katika bonde la Mto Nile. Huko Misri, chini kabisa ya mto huu unaopita Juba, huota mmea wenye maua meupe ambao wataalamu huuita Ammi majus. Tangu kale watu walitumia mbegu zake kutibu mabaka meupe ya ngozi: mgonjwa hupewa dawa ya mmea, kisha hukaa juani. Tabibu Ibn al-Baytar, aliyefariki Damascus mwaka 1248, aliieleza tiba hiyo katika kitabu chake cha dawa. Katika miaka ya 1940 daktari wa ngozi wa Cairo, Abdel Monem El Mofty, aliichunguza kisayansi na kutumia kemikali iliyotolewa katika mmea huo. Namna ambavyo kemikali hiyo hufanya kazi mwilini si ile ile niliyoieleza hapo juu, lakini kanuni ya kuamsha dawa kwa mwanga ilikuwa tayari imejulikana.

Huko Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab alikuwa akichunguza athari za rangi iitwayo akridini kwa viumbe vidogo sana vya majini. Aliona kwamba muda wa kufa kwa viumbe hao ulibadilika kulingana na mwanga uliokuwapo maabarani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1900. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, aliendeleza kazi hiyo na wenzake, wakagundua kwamba oksijeni ni ya lazima.

Mwaka 1912 daktari mwingine wa Kijerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga mwenyewe miligramu 200 za kemikali ya jamii ya porfirini, kisha akatoka nje kwenye jua. Sehemu za mwili zilizopigwa na jua zilivimba vibaya, na ngozi yake iliendelea kudhurika kwa jua kwa muda wa miezi. Naomba msomaji aukumbuke mkasa huo, kwani nitaurudia.

Katika miaka ya 1970 Thomas Dougherty, wa taasisi ya saratani ya Roswell Park mjini Buffalo, Marekani, aliifanya tiba hii iweze kutumika kwa wagonjwa wa saratani. Mwaka 1993 Kanada ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha dawa ya aina hii, iitwayo Photofrin, kwa saratani ya kibofu cha mkojo.

Afrika nayo ina mchango wake. Profesa Tebello Nyokong, aliyezaliwa Lesotho mwaka 1951, na ambaye utotoni alikuwa akigawana siku zake kati ya shule na kuchunga mifugo, amefanya utafiti kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, juu ya rangi za jamii ya fthalosianini. Hizo ni rangi za buluu na kijani zinazojulikana sana viwandani, nazo hunyonya vizuri mwanga mwekundu, sifa inayozifanya zifae kwa dawa za namna hii. Mwaka 2009 alipata tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi.

Mwanga wa kuonea

Tukifika kwenye ubongo, matumizi yaliyoenea zaidi ya dawa hizi hadi sasa si kuua uvimbe. Ni kuuonyesha.

Dawa inayotumika ni asidi ya aminolevuliniki, ambayo kwa kifupi huitwa 5-ALA. Mgonjwa huinywa ikiwa imechanganywa na maji, saa chache kabla ya kulazwa usingizi wa upasuaji. Miili yetu hutengeneza asidi hii yenyewe katika safari ya kutengeneza kiini chekundu cha damu. Seli za glioma zikiipata kwa wingi huigeuza kuwa porfirini, nayo porfirini hurundikana ndani yake. Daktari akishafungua fuvu huzima taa nyeupe na kumulika kwa taa ya buluu. Hapo uvimbe hung'aa kwa rangi nyekundu au ya waridi, na ubongo mzima hubaki buluu. Kile ambacho macho yalishindwa kukitenga sasa kinaonekana.

Mwaka 2006 Walter Stummer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali kadhaa za Ujerumani. Kati ya wagonjwa waliopasuliwa kwa msaada wa 5-ALA, asilimia 65 waliondolewa uvimbe wote ulioonekana kwenye picha. Kwa waliopasuliwa kwa taa nyeupe ya kawaida, ni asilimia 36 tu. Baada ya miezi sita, asilimia 41 ya kundi la kwanza walikuwa bado hawajarudiwa na uvimbe, ikilinganishwa na asilimia 21.1 ya kundi la pili. Hata hivyo, tofauti ya urefu wa maisha kwa jumla haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika. Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa hiyo mwaka 2007, na Marekani mwaka 2017.

Katika upasuaji huo aliyeondoa uvimbe ni daktari kwa vyombo vyake. Mwanga ulimsaidia kuona tu.

Mwanga wa kuamshia dawa

Matumizi ya pili ni yale ambayo ndugu wa Ulaya alikuwa akiyasema kwenye simu: mwanga kuiamsha dawa ili iue seli.

Hapa nchi iliyotangulia ni Japani. Mwaka 2013 iliidhinisha dawa iitwayo talaporfini kwa uvimbe mkali unaoanzia katika ubongo. Mgonjwa hudungwa dawa hiyo takribani siku moja kabla ya upasuaji. Daktari huondoa uvimbe kadiri awezavyo, kisha humulika kuta za shimo lililobaki kwa leza nyekundu ya nanomita 664, akihamisha duara la mwanga kutoka mahali hadi mahali. Lengo ni kuziua seli zilizobaki pembezoni, zile ambazo kisu hakiwezi kuzifuata. Utafiti ulioiwezesha dawa hiyo kuidhinishwa ulikuwa na wagonjwa 22 waliogundulika karibuni, na kati yao 13 walikuwa na glioblastoma. Wote 13 walikuwa hai baada ya miezi 12. Matokeo hayo yanatia moyo. Hata hivyo, idadi hiyo ni ndogo, na hakukuwa na kundi la pili la kulinganishwa nalo.

Ulaya nako kuna majaribio. Katika mji wa Lille, Ufaransa, wagonjwa 10 walipewa 5-ALA, wakapasuliwa, kisha wakamulikwa kwa mwanga mwekundu ndani ya shimo wakati wa upasuaji uleule. Shabaha ya kwanza ya jaribio hilo ilikuwa kujua kama jambo hilo linawezekana na kama ni salama. Huko Ujerumani watafiti wamepitisha nyuzi nyembamba za kioo ndani ya uvimbe wenyewe na kuupeleka mwanga kwa njia hiyo, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao haupasuliki kwa urahisi.

Kwa nini basi tiba hii haijaenea kila mahali? Sababu ya kwanza ni kwamba mwanga haupenyi mbali. Hata mwanga mwekundu, ambao hupenya kuliko buluu, huingia katika ubongo milimita chache hadi kama sentimita moja hivi, ilhali seli za glioblastoma huweza kuwa zimekwenda mbali zaidi. Sababu ya pili ni oksijeni, kwani katikati ya uvimbe mkali mara nyingi hewa hiyo ni haba, na bila hiyo dawa haiui. Sababu ya tatu ni kwamba ushahidi bado ni mchache. Kwa hiyo kusema kwamba tiba hii inaponya glioblastoma si kweli. Ni nyongeza baada ya upasuaji, na katika nchi nyingi bado iko kwenye utafiti.

Mgonjwa arudipo chini ya jua

Sasa turudi kwa Meyer-Betz na mkasa wake. Dawa iliyoingia mwilini haijui kama mwanga unaoipiga ni leza ya daktari au ni jua la saa sita mchana. Mgonjwa aliyepewa 5-ALA huambiwa ajikinge na mwanga mkali kwa saa 24 hadi 48. Aliyepewa talaporfini hukaa katika chumba chenye mwanga hafifu kwa takribani wiki mbili, na kwa Photofrin muda huo huhesabiwa kwa wiki kadhaa.

Kwa mtu wa kaskazini mwa Ulaya wakati wa baridi maagizo hayo ni mepesi. Kwa mtu anayerudi Juba mwezi wa Februari ni jambo zito. Na hapa lugha inaingia moja kwa moja katika usalama wa mtu. Tukimwambia mgonjwa "kaa mbali na mwanga," ataelewa nini? Mmoja atajifungia gizani totoro, mwingine atakaa chini ya mwembe akiamini kwamba kivuli kimemkinga. Wote wawili wamekosea. Kivuli cha mwembe hakitoshi, kwa kuwa mwanga mkali wa mchana humfikia mtu hapo kutoka pande zote. Mafuta ya kawaida ya kukinga jua nayo hayatoshi, maana mengi yametengenezwa kuzuia miale isiyoonekana, na dawa hizi huamshwa na mwanga unaoonekana. Maagizo bora yanataja vitendo: kaa ndani ya nyumba, usikae karibu na dirisha lililo wazi, ukilazimika kutoka mchana funika mikono, uso na miguu, na usitoke mpaka siku uliyopewa na daktari itimie.

Maneno yetu na kazi yetu

Sasa nije kwenye swali la shangazi, ambalo wanafunzi wangu walilicheka na mimi sikulicheka. Mwanga/wanga wa ngeli ya kwanza na ya pili ni mchawi aendaye usiku. Mwanga/mianga wa ngeli ya tatu na ya nne ni nuru ya kuonea. Katika sentensi nzima, upatanisho wa kisarufi huondoa utata: "mwanga amekuja" na "mwanga umekuja" haviwezi kuchanganywa. Lakini "dawa ya mwanga" haina kitenzi cha kutuokoa. Isitoshe, kihusishi -a chenyewe kina maana nyingi. Dawa ya mbu huua mbu, dawa ya minyoo hutoa minyoo, dawa ya kikohozi huzuia kikohozi. Kwa kanuni hiyo hiyo, dawa ya mwanga ingekuwa dawa ya kumwondoa mwanga! Shangazi alisoma kirai hicho sawasawa kabisa, na kosa lilikuwa la aliyekiunda.

Kosa la pili lilikuwa la mwanafunzi wangu mwenyewe alipouliza kama ni mionzi. Tiba ya mionzi hutumia nguvu isiyoonekana kwa macho, inayopita katika fuvu na kuidhuru seli moja kwa moja, bila kuhitaji dawa ya kuamshwa. Mwanga tunaouzungumzia huonekana, haupiti katika fuvu, na peke yake hauui uvimbe. Mgonjwa anayedhani kwamba tayari amepata "mwanga" kwa kuwa amepigwa mionzi, au anayekataa mionzi ya Kampala kwa kuwa anasubiri "mwanga" wa Ulaya, anaweza kupoteza muda ambao hauwezi kurudishwa.

Napendekeza tutumie hazina iliyo katika sarufi yetu, yaani kauli ya kutendea. Kila mtoto wa shule hujua kusema kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia na ndoo ya kutekea maji. Kauli hii huonyesha chombo na kazi yake. Basi tuseme "mwanga wa kuonea uvimbe" kwa matumizi ya kwanza, na "mwanga wa kuamshia dawa" kwa matumizi ya pili. Neno mionzi tuliache kwa tiba ya mionzi peke yake. Dawa yenyewe tuiite "dawa inayoamshwa na mwanga". Ni maneno mengi, nakubali, na wapenda ufupi watalalamika. Lakini msikilizaji wa mara ya kwanza anayaelewa bila kamusi, na kiambishi u- katika "mwanga unaoamsha dawa" kinamwondoa mchawi kabisa.

Wenzetu wa Dar es Salaam walitutangulia katika kazi hii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 na kamusi ya tiba mwaka 2003. Hata hivyo, sayansi haingoji kamusi. Tangu Sudani Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili hapa kwetu kimeendelea kuwa lugha ya safari, na safari nyingine ni za wagonjwa. Mabasi ya Kampala hupita hapa Nesitu kwenye barabara ya Nimule, na ndani yake hakukosekani mtu mwenye bahasha ya picha za hospitali. Wanafunzi wetu ndio watakaoombwa kusoma na kutafsiri yaliyomo. Wana nafasi nzuri, kwa sababu maneno kama dawa, nuru na saratani wanayajua tayari kutokana na Kiarabu wanachokisikia tangu utotoni. Kinachobaki ni kuwafundisha kuuliza: neno hili linamaanisha nini hasa kwa mtu huyu mgonjwa?

Hitimisho

Siku ya tatu nilimpa mwanafunzi wangu maswali matatu, ayapeleke kwa binamu yake Kampala kabla ya kikao cha ukoo. La kwanza: uvimbe huo ni wa aina gani, na je, kipande chake kimepimwa maabarani au umeonekana kwenye picha tu? La pili: mwanga unaosemwa ni wa kuonea uvimbe, ni wa kuamshia dawa, au ni mionzi? La tatu: tiba hiyo ni ya kawaida katika hospitali inayotajwa au ni utafiti, na inatarajiwa kumpa mgonjwa nini? Utafiti halali humweleza mgonjwa mambo hayo kwa maandishi na kumwomba ridhaa yake, tena katika lugha anayoielewa.

Kikao kilifanyika. Nimeambiwa kwamba maswali yalisomwa kwa Kiswahili, yakaelezwa kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kibari, na kwamba shangazi ndiye aliyesisitiza la pili lijibiwe kwanza. Jibu la swali la kwanza lilikuwa kwamba kipande bado hakijapimwa. Hivyo wazee waliamua kutoa fedha za kipimo hicho, na mengine yasubiri. Hadi naandika makala haya mgonjwa yuko Kampala akingoja majibu, na ng'ombe hawajauzwa.

Walimu wenzangu, hatuwezi kuwa madaktari, wala hatupaswi kujifanya madaktari. Lakini mtu akija na karatasi asiyoielewa, tusimpe maana ya kamusi na kumwacha aende. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi nilizopendekeza wanakaribishwa kuzileta idarani ili tuzijadili katika toleo lijalo.